Adabu kama Uhakiki: Kanuni za Uandishi na Usomaji katika Jumuiya za Bunilizi za Mashabiki

4.1 Utangulizi

Sura hii inatathmini kanuni za adabu na ushauri wa uandishi unaotolewa katika jumuiya za bunilizi za mashabiki, yaani jumuiya za watu wanaotunga hadithi mpya kwa kutumia wahusika, mandhari na matukio ya kazi ambazo tayari zimetungwa na wengine. Jumuiya hizo zilianza kupata sura inayotambulika leo nchini Marekani katika miaka ya 1960, kupitia majarida madogo ya mashabiki wa mfululizo wa televisheni wa Star Trek. Spockanalia, lililotoka mwaka 1967, ni miongoni mwa majarida ya mwanzo kabisa. Siku hizi sehemu kubwa ya utunzi huo iko kwenye intaneti, katika hifadhi kama FanFiction.Net, iliyoanzishwa mwaka 1998, na Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009.

Bunilizi hizi zimekuwa zikitolewa lawama mbili. Lawama ya kwanza ni kwamba ni uigaji, na kwa hiyo hazistahili kuitwa fasihi. Lawama hiyo ilijibiwa mapema na Jenkins (1992), ambaye, kwa kuazima sitiari ya ujangili kutoka kwa Michel de Certeau, alionesha kwamba shabiki si mpokeaji bwete bali huingia katika shamba la mwingine na kutoka na kitu chake mwenyewe. Lawama ya pili ni kwamba jumuiya hizi hazina uhakiki: wasomaji husifu tu, na anayekosoa huonekana hana adabu. Lawama hii ndiyo inayoshughulikiwa hapa.

Hoja kuu ya sura hii ni kwamba adabu za jumuiya hizi si ushahidi wa kukosekana kwa uhakiki. Ni uhakiki uliohamishwa mahali. Kazi ambayo katika fasihi ya kawaida hufanywa na mhakiki baada ya kitabu kutoka, hapa hufanywa zaidi kabla ya hadithi kuwafikia wasomaji. Uhamisho huo una faida, lakini pia una gharama, na gharama hiyo humwangukia zaidi mwandishi mgeni ambaye bado hana mtu wa kumsomea.

4.2 Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi huu unaongozwa na mikabala mitatu inayokamilishana. Wa kwanza ni nadharia ya upokezi, hususani dhana ya Jauss ya upeo wa matarajio, inayoeleza kuwa msomaji haijii kazi akiwa mtupu, bali huja na matarajio yaliyojengwa na kazi alizokwisha kuzisoma. Kwa msomaji wa bunilizi za mashabiki, matarajio hayo ni mazito zaidi kwa sababu anawafahamu wahusika kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Wa pili ni mtazamo wa Genette (1987) kuhusu vizingiti vya matini. Jina la kazi, dibaji, tabaruku na maelezo ya jalada si mapambo. Ni mlango ambao msomaji hupitia, na mlango huo huelekeza namna atakavyosoma.

Wa tatu ni mtazamo wa Mauss (1925) kuhusu zawadi, ambao Hellekson (2009) aliutumia kufafanua mahusiano ya mashabiki kwenye intaneti. Kwa mujibu wa mtazamo huo, zawadi hujenga wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Kwa kuwa kazi za mashabiki kwa kawaida haziuzwi, uhusiano wa mwandishi na msomaji si wa muuzaji na mnunuzi. Msomaji hawezi kudai thamani ya fedha yake, maana hakutoa fedha. Swali linalobaki ni je, ana haki ya kudai chochote?

4.3 Kutoka kwa Mhariri hadi kwa Msomaji wa Awali

Katika enzi ya majarida, hadithi ya shabiki ilipita mikononi mwa mhariri. Huyo ndiye aliyechagua, aliyerekebisha, aliyepanga kurasa na aliyebeba mzigo wa kuchapa na kutuma kwa posta. Karatasi na stempu zilikuwa na bei, hivyo si kila hadithi iliyoandikwa ilichapishwa. Wasomaji nao walituma barua za maoni, na barua hizo ziliweza kuwa kali. Uhakiki ulikuwa na milango miwili: wa mhariri kabla ya kuchapisha, na wa barua baada yake.

Intaneti iliuondoa mlango wa kwanza. Mtu aliweza kutunga hadithi usiku na kuisambaza kabla ya jogoo kuwika, bila kumwomba yeyote ruhusa. Hata hivyo, kazi ya mhariri haikutoweka. Ilichukuliwa na msomaji wa awali, ambaye mashabiki humwita beta, jina lililotokana na watu wanaojaribu programu za kompyuta kabla hazijatolewa rasmi. Beta husoma rasimu, huonesha makosa ya sarufi, hutaja mahali ambapo mhusika anasema jambo asiloweza kulisema, na huuliza maswali ambayo mwandishi hakujiuliza.

Ushauri unaotolewa kuhusu uhusiano huu unastahili kuchukuliwa kwa uzito kama nadharia ndogo ya uhariri. Mwandishi hushauriwa kusema mapema anataka kusaidiwa nini: tahajia peke yake, au pia msuko na wahusika. Beta hushauriwa kutenganisha kosa na upendeleo wake, na kukumbuka kwamba hadithi si yake. Mwandishi ana haki ya kukataa pendekezo, lakini hana haki ya kusahau shukurani, na ndiyo maana jina la beta huandikwa mwanzoni mwa kazi. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Msomaji anayeona sifa tupu chini ya hadithi na kuhitimisha kwamba hakuna uhakiki anakitazama chombo kikiwa baharini tayari, wala hakufika pale kilipoundwa.

Muundo wa hifadhi zenyewe pia hufundisha adabu. Katika FanFiction.Net, sehemu ya msomaji kuandika neno lake inaitwa kwa jina lenye maana ya uhakiki, nalo jina hilo humwalika msomaji kutoa hukumu. Katika Archive of Our Own, sehemu hiyo inaitwa maoni tu. Juu ya hayo, kuna kitufe cha pongezi ambacho msomaji anaweza kukibonyeza mara moja tu kwa kila kazi. Hakuna kitufe cha kuonesha kutopendezwa wala nyota za kupimia ubora. Waliobuni hifadhi hiyo walikuwa mashabiki wenyewe, kupitia shirika la Organization for Transformative Works lililoanzishwa mwaka 2007. Kwa hiyo uchaguzi huo si wa bahati. Ni msimamo juu ya nini msomaji anapaswa kumrudishia mwandishi, nao uko karibu na desturi ya kumtuza mwimbaji wa taarabu: anayeguswa husimama na kutuza, asiyeguswa hukaa kimya.

4.4 Kizingiti cha Kazi: Lebo na Maonyo

Eneo la pili la adabu linahusu yale ambayo mwandishi anadaiwa kumwambia msomaji kabla hajaanza kusoma. Archive of Our Own humtaka mwandishi aoneshe kiwango cha umri kinachofaa kwa kazi yake, au aseme wazi kuwa hakukipanga, na ashughulikie maonyo manne makuu: ukatili unaoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayowahusu walio chini ya umri. Mwandishi asiyetaka kufichua mambo hayo anaruhusiwa kutangaza kwamba amechagua kutotoa onyo. Tangazo hilo ni onyo pia, kwa maana linamwambia msomaji kwamba akiingia, ameingia kwa hiari na lolote linaweza kutokea. Kinachokatazwa ni kupotosha.

Pingamizi la kifasihi dhidi ya maonyo linafahamika: huua taharuki. Ikiwa msomaji ameambiwa kwamba mhusika atakufa, kuna haja gani ya kusoma? Pingamizi hilo linadhani kwamba taharuki hutokana na kutojua mwisho. Fasihi simulizi ya Waswahili inaonesha vinginevyo. Wasikilizaji wa kisa cha Fumo Liyongo walijua kwamba shujaa angeuawa kwa kuchomwa kitovuni, na kwamba mkono utakaomchoma ni wa mwanawe. Ujuzi huo haukuwafukuza. Ulihamisha swali kutoka “je, atakufa?” hadi “mtoto atafikaje huko?”, nalo swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Vivyo hivyo, onyo la kifo katika hadithi ya shabiki halifuti hisia. Humfanya msomaji ausubiri msiba, na kusubiri msiba unaojulikana ni taharuki ya aina yake.

Zaidi ya maonyo, kuna lebo huru ambazo mwandishi hujitungia, na watu wanaojitolea huziunganisha zile zenye maana moja ili msomaji azipate pamoja. Ushauri wa kawaida ni kwamba lebo itaje kile chenye uzito katika hadithi na si kila kinachopita. Mhusika anayetajwa mara moja hapaswi kuwekwa kwenye lebo, kwa kuwa msomaji anayemtafuta ataona amehadaiwa. Kwa lugha ya Jauss, mwandishi anapewa wajibu wa kuupanga upeo wa matarajio ya msomaji wake kwa uaminifu. Wajibu huo ni wa kihakiki kabisa: hakuna anayeweza kuchagua lebo sahihi bila kwanza kujiuliza hadithi yake inahusu nini. Waandishi wengi wa riwaya hawajawahi kulazimishwa kujiuliza swali hilo kwa uwazi kiasi hicho.

4.5 Mary Sue: Ushauri Uliogeuka Hukumu

Si kila ushauri umekuwa na matokeo mema. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mary Sue. Jina hilo lilitokana na hadithi fupi ya kejeli ya Paula Smith, iliyochapishwa mwaka 1973 katika jarida la mashabiki la Menagerie. Mhusika wake ni luteni wa kike ambaye hajatimiza hata miaka kumi na sita, mdogo kuliko maluteni wote, ambaye kila mtu chomboni anamhusudu na ambaye anakufa huku mabaharia mashujaa wakimlilia. Kejeli hiyo ililenga hadithi nyingi za wakati huo ambazo mwandishi alijichora mwenyewe kama msichana mkamilifu, kisha akawapunguza wahusika wa awali kuwa washangiliaji wake.

Kama uchunguzi wa kifasihi, kejeli hiyo ilikuwa na haki. Mhusika asiye na dosari hana mgogoro wa ndani, na hadithi isiyo na mgogoro haina pa kwenda. Tatizo lilianza pale jina la mhusika mmoja lilipogeuka kuwa kipimo cha kila mhusika mpya wa kike. Bacon-Smith (1992) aliripoti kwamba miongoni mwa wanawake aliowafanyia utafiti walikuwamo walioacha kabisa kuwaingiza wahusika wa kike katika hadithi zao, kwa kuhofia kuambiwa wameandika Mary Sue. Ushauri uliokusudiwa kuboresha uchoraji wa wahusika ukawa umepunguza wahusika wenyewe.

Kuna mambo mawili ya kuzingatiwa hapa. Kwanza, kipimo hicho hakikutumika kwa usawa. Fasihi pendwa imejaa wanaume wasioshindwa, wanaopendwa na kila mwanamke na kulengwa na kila risasi isiyowapata. James Bond ni mmoja wao, naye hakuhitaji jina la dharau ili aeleweke. Pili, waliotajwa kwa jina hilo kwa sehemu kubwa walikuwa waandishi chipukizi, wengi wao wasichana, ambao walikuwa wakipita hatua ambayo karibu kila mwandishi huipita: kujitia ndani ya hadithi anayoipenda ili ajifunze jinsi inavyofanya kazi. Mhakiki anayemkatia mtu huyo pumzi katika hatua ya kwanza hajaiokoa fasihi. Amempoteza mwandishi kabla hajaandika hadithi yake ya pili.

Kisa hiki ndicho kinachoeleza kwa nini adabu za baadaye zilielekea upande wa upole. Jumuiya zilikwisha kuona kwamba neno la kihakiki likitolewa hadharani, bila kuombwa, na kwa mtu asiyejulikana, hupoteza ufafanuzi wake na kubaki na makali tu.

4.6 Zawadi na Haki ya Kukosoa

Kutokana na historia hiyo, kanuni mbili zimepata nguvu. Ya kwanza ni kwamba asiyeipenda hadithi asiisome. Ya pili ni kwamba ukosoaji usioombwa ni utovu wa adabu. Msingi wa kanuni zote mbili ni hoja ya zawadi: mwandishi ametoa bure, na apewaye bure hakosoi.

Hoja hiyo ina nguvu lakini haijakamilika. Mauss mwenyewe anasisitiza kwamba zawadi si kitu kisicho na masharti. Inaunganisha watu, na inawapa wajibu. Ikiwa kurudisha ni sehemu ya zawadi, basi usomaji makini nao ni namna ya kurudisha, na usomaji makini wakati mwingine huona kasoro. Ni muhimu, kwa hiyo, kutofautisha aina tatu za ukosoaji ambazo kanuni hizi huzichanganya.

Aina ya kwanza ni ukosoaji wa kizingiti: msomaji anamweleza mwandishi kwamba onyo fulani limekosekana. Huu hauhusu ubora wa kazi, bali usalama wa wasomaji wengine, na kuunyamazisha ni kuvunja ahadi ambayo jumuiya yenyewe imeiweka. Aina ya pili ni ukosoaji wa ufundi: msuko umelegea, mazungumzo ni marefu, sarufi ina makosa. Hapa kanuni ya kusubiri kuombwa ina busara, hasa kwa kuwa waandishi wengi hutunga kwa Kiingereza ilhali si lugha yao ya kwanza, na huanza kwa kuomba radhi kabla hata hawajakosea. Orodha ya lugha za Archive of Our Own ina Kiswahili pia, lakini mwandishi anayetaka wasomaji wengi huvutwa kuelekea Kiingereza, na huko anakutana na wasomaji wanaoweza kudhani kwamba kosa la kihusishi ni kosa la fikra.

Aina ya tatu ni ukosoaji wa uwakilishi: hadithi inawachora watu wa jamii fulani kwa namna inayowadhalilisha. Katika aina hii kanuni ya adabu haitoshi. Mjadala mpana wa mwaka 2009 miongoni mwa waandishi na wasomaji wa bunilizi za kisayansi, uliojulikana kama RaceFail, ulionesha jinsi waliolalamikia uchoraji wa watu wasio weupe walivyojibiwa mara kwa mara kuhusu ukali wa sauti zao badala ya ukweli wa madai yao. Msomaji aliyedhalilishwa akiambiwa kwamba asiyependa asisome, anaambiwa kwa maneno mengine kwamba yeye si mmoja wa waliokusudiwa kupokea zawadi. Adabu hapo haimlindi mnyonge. Inamlinda mwenyeji dhidi ya mgeni.

4.7 Takhmisa, Malumbano na Malipo ya Mkosoaji

Utunzi unaojengwa juu ya kazi ya mwingine si jambo geni kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, na ulinganisho unasaidia kuona kile ambacho adabu za mashabiki zimekipata na walichokikosa. Katika takhmisa, mshairi huchukua beti za mishororo miwili za mtunzi mwingine na kuongeza mishororo mitatu katika kila ubeti ili ifike mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ni mfano unaofahamika. Adabu ya utanzu huo imo ndani ya umbo lake: maneno ya mtangulizi hayaguswi, na kila msikilizaji mjuzi anatambua wapi sauti moja inaishia na nyingine inaanza. Shabiki hufanya kinyume. Hahifadhi maneno ya awali, bali huwahifadhi wahusika na kuwapa maneno mapya. Kwa kuwa umbo halimsaidii kuonesha mpaka, anauhitaji mpaka huo uandikwe kwenye kizingiti: jina la kazi ya awali, tamko la kutodai umiliki ambalo lilikuwa desturi kwa miaka mingi, na shukurani kwa aliyetoa wazo.

Malumbano ya washairi yanatoa funzo lingine. Katika Mombasa ya karne ya 19, enzi ya Muyaka bin Haji, shairi lilijibiwa kwa shairi. Mkosoaji hakuwa huru kurusha neno na kuondoka. Alilazimika kutunga, kwa vina na mizani, na kwa kufanya hivyo akajiweka naye katika nafasi ya kukosolewa. Malipo ya ukosoaji yalikuwa utunzi. Jumuiya za mashabiki zina methali yao isiyoandikwa inayofanana na hiyo: asiyeridhika na hadithi na aandike yake. Ikisomwa kwa wepesi, ni namna ya kumfukuza mlalamikaji. Ikisomwa kwa kina, ni mwaliko, na hadithi nyingi za mashabiki zimezaliwa kwa kuukubali, kwani kutoridhika na mwisho wa kazi ya awali ni chanzo kimojawapo cha utanzu wote. Tatizo ni kwamba mwaliko huo unamfaa anayeweza kuandika. Msomaji ambaye si mtunzi anabaki na kitufe cha pongezi au kimya.

4.8 Hitimisho

Sura hii imeonesha kwamba madai ya kukosekana kwa uhakiki katika jumuiya za bunilizi za mashabiki yanatokana na kuutafuta uhakiki mahali ambapo haupo tena. Uko kwa beta, uko katika uchaguzi wa lebo na maonyo, na uko katika hadithi zinazojibu hadithi. Adabu inayozuia ukosoaji wa hadharani ilizaliwa kutokana na madhara halisi, ambayo historia ya Mary Sue inayathibitisha, na haipaswi kudharauliwa kama udhaifu.

Hata hivyo, mfumo huo una pengo. Uhakiki ukishahamishwa kabla ya uchapishaji, asiye na beta hukosa uhakiki kabisa: kabla hana wa kumsomea, na baadaye hakuna anayethubutu kumwambia. Huyo kwa kawaida ni mgeni, ni kijana, au ni mtu anayetunga kwa lugha ya pili, yaani yule yule ambaye upole ulikusudiwa kumlinda. Anapewa pongezi, na pongezi ni njema, lakini hapewi njia ya kukua. Kwa hiyo, ushauri ulio muhimu kuliko wote katika jumuiya hizi hauhusu namna ya kutoa maoni. Unahusu namna ya kumpatia kila mwandishi mpya msomaji mmoja wa rasimu. Jumuiya inayomnyima mhakiki nafasi mlangoni inawiwa kumtafutia nafasi karakanani. Upole usiotimiza deni hilo unamwacha mwandishi chipukizi akipigiwa makofi na watu wasiotarajia aandike vizuri zaidi.